Websaiti ya gesti ya shangazi: nimelipa mara mbili, hii ya pili naipa nyota nne

Nimeahidi watu wengi nitaandika hii rivyu, manake kila nikipita pwani kuna mwenye gesti au mwenye mashua ananisimamisha, ati ile websaiti yenu nani kawafanyia na mlitoa ngapi. Basi naandika mara moja maneno yaishe. Kwa wenye haraka: fundi ni binti wa Malindi, alitutoza elfu thelathini na tano, akamaliza kwa wiki tatu, na inafanya kazi. Jina lake siweki hapa kwa sababu sijamuomba ruhusa, anayemtaka anitafute. Wenye nafasi kaeni kitako, manake bila kuwaeleza ile websaiti ya kwanza hamtaelewa kwa nini hii naisifu, na ile ya kwanza ilikuwa nzuri kweli kweli, nzuri ya kutazama, na ilitutia hasara.

Gesti yenyewe ni nyumba ya shangazi yangu, iko Langoni hapa Lamu, vyumba vitano, nyumba ya mawe ya zamani ya kuta nene na boriti za mikoko, ina daka lake mlangoni, yaani kibaraza cha kukalia wageni, na zidaka zake ukutani, vile vishubaka vya mapambo, na juu kabisa kuna banda la makuti la kunywea chai. Wageni tulikuwa tunawapata kwa watu kuambizana na kwa ile mitandao mikubwa ya kubuku ambayo si mibaya lakini inakata kama asilimia 15 hivi kwa kila mgeni, sasa chukua chumba cha elfu nne uone mia sita inavyoondoka kila usiku, mtu akilala siku tano ni elfu tatu hiyo imekwenda, pesa ya samaki. Ndo tukasema na sisi tuwe na mlango wetu wenyewe.

Wa kwanza walikuwa kampuni, si ya hapa, na jina lao nalikalia. Walikuja na laptopu na droni, wakapiga picha siku mbili, tukalipa elfu tisini. Siku ya kutuonyesha tukakaa sebuleni familia nzima tumeizunguka laptopu ya yule bwana: video ya jahazi limetweka tanga, jua linazama, taarabu inapiga yenyewe bila mtu kuiomba, maneno yanaingia pole pole kama bibi harusi. Tulipiga makofi. Wallahi tulipiga makofi. Tulichosahau ni kwamba tunaitazama kwenye laptopu ya mtu aliyeitengeneza, na video yote imo humo humo ndani.

Kesho yake shangazi akataka kumuonyesha jirani kwa simu yake. Kiduara kikazunguka. Jirani akamaliza kahawa, kiduara kinazunguka. Shangazi akanigeukia, "mwanangu, hini si nyumba yangu hini, hini ni duara tu." Ilipofunguka, maandishi ni ya kijivu hafifu juu ya picha ya ukuta mweupe, akasema yamuumiza mato, na alipokuwa anaisogeza chini ikaruka karatasi katikati ya skrini ya kumuuliza kama angependa kujiunga na jarida letu. Jarida gani? Sisi hatuna jarida. Akatafuta pa kuifunga, kile kialama cha kufunga ni kidogo kama chembe ya ufuta, akagusa mara tatu na mara zote tatu akawa amejiunga.

Na bei haikuwepo. Ilikuwepo sentensi ya "karibu kwenye safari ya utulivu wa nafsi", alafu historia ndefu ya mji, alafu "wasiliana nasi kwa bei". Sote tunajua mji wetu uliingia orodha ya UNESCO mwaka 2001, na tunajivunia, lakini mtu yuko ndani ya basi kashafika Witu, chaji imebaki kidogo, anatafuta namba ya simu, wewe unampa historia.

Picha nazo. Ile kubwa ya ufukweni ilikuwa na minazi imeinama juu ya maji kama inakunywa, sijui waliinunua wapi, si Lamu ile. Ufukwe wetu wa Shela sote twaujua, ni mchanga na matuta. Mgeni mmoja alikaa siku tatu akiniuliza kwa adabu kabisa ile minazi iko upande gani, siku ya nne nikamwambia ukweli.

Lakini hayo yote ningevumilia, yaliyoniuma ni mawili. Moja ni kalenda. Waliiweka kwa mtindo wa Marekani, mwezi unatangulia siku. Bwana mmoja wa Nakuru akaandika 06/07 akiwa na maana tarehe sita mwezi wa saba, mashine ikaelewa tarehe saba mwezi wa sita. Juni sisi tukamngoja mpaka usiku, hakuja, tukasema basi kaghairi. Julai yuko jeti na mke na watoto wawili na mabegi, na nyumba imejaa. Walilala sebuleni kwetu, shangazi akawalisha bure siku mbili kwa aibu. La pili ni ile fomu ya kubuku. Mgeni akijaza, ujumbe ulikuwa unakwenda kwenye emeili ambayo walioitengeneza walifungua wenyewe kwa majaribio na hawakutuambia, hakuna mtu aliyekuwa anaifungua. Tulikuja kugundua miezi minne baadaye, tukakuta watu thelathini na moja wametuomba chumba na hakuna aliyejibiwa. Thelathini na moja! Nilihesabu mara mbili. Hao wote walituona sisi ni watu wasio na adabu.

Na fomu yenyewe ilikuwa inadai namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, kazi unayofanya, umetusikia wapi. Mtu anataka kitanda tu. Alafu tangu 2019 Kenya kuna sheria ya kulinda data za watu, huruhusiwi kukusanya mambo ya mtu ambayo huyahitaji, sisi tulikuwa tunayakusanya na kuyatupa kwenye sanduku lisilo na mwenyewe.

Haya, huyu binti wa Malindi. Tulimpata kwa jamaa mwenye kamgahawa kule, anafanyia kazi Waitaliano wa Malindi na watu wa mashua za marine park. Alikuja na basi mpaka Mokowe, akavuka, akafika amechoka. Salamu zikaisha, chai ikanyweka, mimi nangoja atoe laptopu. Hakutoa. Akamuuliza shangazi, "Bi mkubwa, watu wakipiga simu huwa wanauliza nini?"

Shangazi akaenda ndani akarudi na daftari. Hili daftari sote nyumbani tunalijua, ana miaka anaandika kila anayepiga: jina, siku, na alichouliza, ili mimi nikirudi jioni nimpigie. Huyu binti akalichukua akalisoma karibu saa nzima, anapiga vijistari na kalamu. Mwisho akasema kazi karibu imekwisha. Kati ya maswali yote, linaloongoza ni bei. La pili nitafikaje na gari nitaliacha wapi. La tatu kuna feni au eisi. Alafu maji ya moto, alafu mzigo nani atabeba, alafu wakati wa Maulidi kuna nafasi, alafu watoto wanalipa ngapi. Historia ya mji waliuliza wawili, mmoja alikuwa mwanafunzi anaandika ripoti.

Websaiti nzima imefuata huo mpangilio. Ukiifungua sasa hivi kwa simu unakuta jina la gesti na mtaa, picha moja ya chumba chenyewe kilivyo na kitanda chake cha samadari na chandarua, chini yake "chumba cha watu wawili 4,000 kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi", na batani mbili, piga simu na WhatsApp. Bila kusogeza kidole. Shangazi alipoiona akasema hii imekaa kama daka, na sijasikia mtu akieleza jambo hili vizuri zaidi, manake dakani ndo mgeni anakaa kwanza, anaeleza shida yake, unamjibu, akiridhika ndo anaingia ndani aone zidaka na sebule. Ile ya kwanza ilikuwa inamburuta mtu mpaka chumbani kabla hajasema jina lake.

Upande wa kasi nilijifunza mengi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi tunapoibiwa. Ile ya zamani akaipima mbele yangu, ukurasa wa mbele peke yake ulikuwa na megabaiti 14. Yaani kila mtu akichungulia tu bei, ambayo haipo, amekula megabaiti 14 za bando lake. Huu mpya hauzidi kilobaiti 500. Nikamuuliza umefanyaje na picha bado ni nzuri? Akanionyesha: picha ya droni ilikuwa na upana wa pikseli elfu nne na inatazamwa kwenye kioo cha simu ambacho hakiwezi kuonyesha hata nusu ya hizo, sasa unaipunguza upana, unaigeuza kuwa aina ya WebP ambayo ni nyepesi kuliko JPEG, na zile za chini zisishuke mpaka mtu afike huko chini. Video kaitoa, kaiweka nyuma ya batani, anayeitaka aiguse. Taarabu kaifuta kabisa. Mimi taarabu naipenda sana lakini mtu anabuku chumba akiwa ofisini kwa siri ya bosi wake, usimpigie taarabu.

Akanieleza kuna Mdenmark mmoja anaitwa Jakob Nielsen, aliandika mambo haya tangu 1993 na bado yanafuatwa: kitu kikijibu ndani ya moja ya kumi ya sekunde mtu anahisi kakifanya yeye kwa mkono wake, sekunde moja anaona kachelewa kidogo lakini wazo lake halijakatika, zikifika kumi kashaondoka kimawazo, anafanya jambo lingine. Na Google siku hizi wanasema kile kitu kikubwa cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde mbili na nusu. Ndo maana hizi batani zetu ukizigusa zinabadilika rangi hapo hapo, hata kama mtandao unajivuta, mtu ajue kasikika. Ni kama dukani, mwenye duka anaweza kuwa anahudumia mwengine lakini akikutupia jicho na kusema "nakuja" utangoja, asipokutazama utaondoka.

Alafu akanifungulia ukurasa wa kwanza kabisa wa websaiti duniani, ule alioutengeneza Tim Berners-Lee, yule aliyebuni mambo ya websaiti, kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia Uswisi, 1991, ulirudishwa hewani 2013 na bado unafunguka. Maandishi matupu na linki za buluu. Ulifunguka kabla sijapepesa. Akacheka akasema tangu hapo watu wanaongeza mizigo tu.

Kitu kingine ambacho sikukijua kuwa kina dawa ni ule mchezo wa ukurasa kurukaruka. Unajua, unataka kugusa "piga simu", ghafla picha ya juu inafika imechelewa, kila kitu kinasukumwa chini, kidole kinaangukia pengine. Nilidhani ni simu yangu mbovu. Kumbe ni fundi hakuiachia picha nafasi yake, ukiandika mapema picha itakuwa na urefu gani na upana gani nafasi inangoja wazi mpaka picha ije ikae. Jambo la mistari miwili na wenye elfu tisini yetu hawakulifanya.

Siku ya pili alinichukua tukatoka na simu kuukuu, ya skrini iliyopasuka, aliyoibeba makusudi. Tukasimama pwani saa saba mchana jua liko utosini, akasema soma. Ile ya zamani sikuona kitu, kijivu juu ya cheupe vyote vimekuwa mwanga mtupu. Kuna kipimo cha tofauti ya rangi ya maandishi na rangi ya nyuma yake, watu wa viwango vya mtandao wanasema isipungue nne na nusu kwa moja kwa maandishi ya kawaida, ile yetu ilikuwa haifiki hata mbili. Wanasema ni kwa ajili ya wenye macho hafifu, lakini huku kwetu pwani saa saba sote tuna macho hafifu. Vile vile ukubwa wa batani, Apple wanashauri isipungue pointi 44 kila upande, ndo kiasi cha ncha ya kidole, na huyu binti kaziongeza kidogo kwa sababu manahodha wetu vidole vyao si vya ofisini.

Hapo pwani pia ndo akafanya kitu ambacho nilidhani ni mzaha. Akawa anasimamisha watu. Nahodha mmoja, mama wa viazi karai, kijana wa chuo, mwalimu mstaafu, na mgeni mmoja aliyekuwa anangoja mashua. Watano tu, anasema ukiwaangalia watano utakuwa umeyaona matatizo mengi makubwa, na huo pia ni ushauri wa yule yule Mdenmark. Anampa mtu simu anamwambia, "tafuta chumba cha watu wawili kwa usiku mbili ujue utalipa ngapi", alafu ananyamaza. Mimi nikitaka kumsaidia nahodha, binti ananikanyaga mguu. Watatu kati yao waligusa picha ya chumba wakitaka iwe kubwa na haikuwa, jioni hiyo hiyo akaifanya iwe kubwa. Mwalimu alifika kwenye batani ya mwisho iliyoandikwa "Wasilisha", akasimama, akavua miwani, akauliza "niwasilishe kwa nani, hii ni ofisi ya DC?" Sasa hivi imeandikwa "Tuma". Mama wa viazi ndo aliyemaliza haraka kuliko wote, na akatuuliza kwa nini bei ya mtoto haipo. Ilikuwa kwenye daftari na tulikuwa tumeisahau.

Ukurasa wa "kufika" ndo ninaoupenda mimi. Mnajua vichochoro vyetu, ukuta huku ukuta huku, ramani ya simu inapotea inakurusha nyumba ya pili, na ile ya zamani ilikuwa imetuweka baharini kabisa, kati ya mji na kisiwa cha Manda, mtu akifuata atahitaji ngalawa. Huyu kapiga picha saba. Jeti. Mbele yako ngome, ile ya kale iliyomalizwa 1821, haikosekani. Pinda kushoto ushike Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji. Duka la vitambaa. Mlango wenye nakshi na rangi ya kijani. Chini ya wikio, kile chumba kilichopita juu ya kichochoro, inamisha kichwa ukiwa mrefu. Mlango wetu. Kila picha na mstari mmoja wa maneno, na ukurasa unabaki kwenye simu hata mtandao ukikatika katikati ya njia. Juu yake kimeandikwa kile ambacho nimekisema kwa simu mara elfu: ukija kwa ndege utashuka Manda uvuke na mashua, ukija kwa basi au gari mwisho ni Mokowe, gari litabaki Mokowe, huku mzigo ni wa punda au wa rikwama. Tangu uwekwe simu za "nimepotea" zimekaribia kwisha, nimebaki na kazi ya kupokea mabegi tu.

Kalenda nayo tarehe zimeandikwa kwa maneno, siku na mwezi, Jumapili 6 Julai, hakuna wa kukosea. Fomu ina vitu vinne: jina, namba ya simu, kuingia, kutoka. Ukishatuma inakuletea maneno ya kuwa imefika na utajibiwa leo, na kwangu inaingia meseji, nisipojibu kwa saa mbili inaingia kwa shangazi, hiyo ndo adhabu yangu.

Malipo ya kushikia chumba ni kwa M-Pesa, till, na kaweka pembeni jina kamili litakalotokea kwenye meseji ukishalipa, ili mtu ajue pesa zimekwenda kwetu si kwa tapeli, siku hizi kuna watu wanaiba picha za gesti za wenzao wanafungulia kurasa za uongo. Na kile kikufuli cha juu kwenye anwani kipo, ile ya zamani ilikuwa inatoa onyo kwamba si salama, sijui wangapi walikimbia hapo.

Tulibishana mara moja. Alitaka kuandika mabaya ya nyumba. Shangazi akaona huyu mtoto kachanganyikiwa na jua. Binti akasisitiza: ngazi zimesimama na hakuna lifti, msikiti uko karibu na adhana ya alfajiri utaisikia, pombe hairuhusiwi, punda hulia usiku. Yamewekwa yote, kwa heshima, katikati ya ukurasa. Na mnajua kilichotokea, malalamiko yamepungua, anayekuja anakuja akijua. Mmoja kutoka Kisumu aliandika kwenye kitabu cha wageni, "mlisema punda watalia, walilia". Picha ya shangazi alikataa katakata, hilo tulilitarajia, tukaweka mikono yake inamimina kahawa kwenye kikombe, na kusema kweli picha hiyo ndo watu wanaitaja zaidi ya zote.

Sasa kasoro, nisije nikaonekana nimelipwa. Alituwekea na ukurasa wa Kitaliano, akijua soko la kwao Malindi, na aliupitisha kwenye mashine ya kutafsiri. Mbaazi za nazi za chai ya asubuhi zikageuka njiwa. Nadhani mashine ilipitia Kiingereza ambako mbaazi zina jina lenye njiwa ndani yake, ikamchukua njiwa ikaacha mbaazi. Mama mmoja Mtaliano alifika akamuomba shangazi kwa upole, kama inawezekana, kesho asichinjiwe njiwa. Shangazi akaniuliza, njiwa gani? Tumeurekebisha kwa mtu anayeijua lugha, lakini hilo ilibidi alione yeye kabla ya mgeni.

Ramadhani hapatikani. Naelewa, sote tunafunga, lakini tulimuomba abadilishe bei za Idi ikapita Idi. Na alituahidi sehemu ya sisi kuingia kubadilisha bei na picha wenyewe, mpaka leo haijawa, kila kitu lazima nimwandikie yeye. Mara moja pia hostingi, ile nafasi ya kulipia inapokaa websaiti, iliisha muda, websaiti ikazima siku mbili, na hakuwa ametuambia tarehe. Hizo ndo nyota moja niliyomnyima.

Lakini kuna jambo alilolifanya ambalo nawaomba wote mnaotaka fundi mlishike kabla ya kutoa senti. Jina la domeini, yaani anwani ya websaiti, aliliandikisha kwa jina la shangazi na emeili ya shangazi, na paswadi akaiandika kwa mkono kwenye lile lile daftari, ukurasa wa mwisho. Wale wa kwanza walikuwa wameliandikisha kwa jina la kampuni yao, tulipotaka kuhama wakatuambia jina ni lao, tukaacha jina ambalo tulishalichapisha kwenye kadi mia tano. Kadi bado ziko, shangazi anaandikia nyuma yake orodha ya soko.

Kaskazi hii iliyopita, Desemba mpaka Februari, daftari linaonyesha wageni 44 wamekuja kupitia mlango wetu wenyewe. Mitandao mikubwa hatujaiacha, bado inatuletea watu wa mbali, ila si kama zamani.

Na daftari linaendelea. Swali likiulizwa mara tatu shangazi analichorea mstari mwekundu, maana yake lapelekwa Malindi. Wiki iliyopita kapiga mtu wa Nairobi, anauliza kama gesti ina mahali pa kuchaji gari la umeme. Shangazi akaliandika, akanitazama juu ya miwani. Hili hakungoja mara tatu. "Muandikie yule mwanangu aongeze, na la umeme pia labaki Mokowe." Nimemtumia Jumatatu. Leo Alhamisi, bado hajajibu.